Barua ya Watu wa Morotonga

Fomu ilifika Mugumu siku ya Jumanne, ndani ya bahasha ya kaki iliyolowa mvua upande mmoja. Karani wa posta alikuwa ameshazoea kunitikisia kichwa kabla sijafika dirishani, maana nilikuwa nimeisubiri kwa miezi mitatu. Siku hiyo alisema, "Mwalimu, leo ipo," na akasimama kunitazama, nadhani akitaka kujua kilichomo. Nilishindwa kuifungua mbele yake. Niliichomeka ndani ya daftari la mahudhurio nikatembea nayo hadi Morotonga, mvua ikininyeshea, bila kusimama kwa mtu yeyote. Hakukuwa na mtu wa kusimama kwake.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Nimezaliwa Lushoto, mlimani, na kabla ya kupangiwa kazi Serengeti sikuwahi kufika hata Mwanza. Nilipomaliza shahada ya kwanza nilipewa barua ya kuripoti wilayani kwa kazi ya elimu ya watu wazima. Nilizungukia madarasa ya kisomo kwa baiskeli, Nyambureti leo, kwingine kesho, nikikagua vitabu na kuwaelekeza walimu wasaidizi. Saa kumi alasiri nilifundisha darasa langu mwenyewe Morotonga, kijiji kipya chenye nyumba zilizopangwa mistari, ambako nilipewa chumba cha bati karibu na ghala la pamba.

Watu hawakunitendea ubaya. Hilo ni lazima niliseme mapema. Walinisalimia vizuri, waliniita mwalimu, hata wazee waliniita hivyo. Lakini Kiswahili kilikuwa lugha ya kunisalimia tu. Wakishamaliza kunisalimia, mazungumzo yenyewe yalianza, na mazungumzo yalikuwa ya Kikurya. Walicheka, waligombana, walipeana habari za ng'ombe na za wagonjwa, na mimi nilikaa katikati yao nikitabasamu kama mtu anayesubiri basi.

Kwa miaka miwili nilikuwa na mahali pamoja pa kupumzikia. Mjini Mugumu kulikuwa na fundi cherehani, mzee wa Kiislamu kutoka Pangani. Jumamosi nilikuwa nakaa kwenye benchi lake nikijidai nina gauni la kupunguza. Ukweli ni kwamba nilikwenda kumsikiliza akizungumza. Alikuwa na maneno ambayo bibi yangu aliyatumia. Kisha mpaka wa Kenya pale Sirari ukafungwa, vitambaa vikaadimika, uzi ukakosekana kabisa. Akavumilia miezi kadhaa akishona viraka. Jumamosi moja nilifika nikakuta ameifunga cherehani yake kwa gunia.

"Narudi pwani, mwanangu," alisema. "Na wewe usikae mpaka ukazoea. Ukizoea upweke utaona watu wanakusumbua."

Wiki ile ile niliandika barua ya kuomba fomu ya shahada ya pili.

Fomu ilikuwa ya kurasa nane, kwa Kiingereza. Nyingi nilizijaza kwa siku moja. Ukurasa wa tano uliuliza kwa nini ninataka kuendelea na masomo, na chini yake kulikuwa na mistari kumi na miwili. Niliandika kwamba nataka kuchunguza kwa nini watu wazima wanaofaulu mtihani wa kisomo husahau kusoma baada ya mwaka mmoja. Haikuwa uongo. Nilikuwa nimeliona hilo kila kijiji na lilinikera. Ila kama mistari ile ingetaka ukweli wote, ningeandika kwamba nataka kuwa mahali ambapo mtu ataniuliza ninafikiri nini, halafu akae kusikiliza jibu.

Viambatisho vilikuwa vinne: wadhamini wawili, picha ndogo, barua ya mwajiri, na ushuhuda wa tawi la Chama la mahali ninapofanya kazi. Siku zile haikutosha kuwa na akili. Ilibidi watu unaoishi nao waseme kwamba unafaa.

Nilianza na mwajiri. Afisa elimu wetu alikuwa mtu wa Songea, mnene, mwenye sauti ya chini. Aliisoma fomu yangu yote, ukurasa kwa ukurasa, wakati mimi nimesimama.

"Nikikuachia, nitampata nani?" aliuliza.

"Sijui, mzee."

"Na mimi sijui." Akairudisha fomu mezani. "Nenda kwenye tawi lako kwanza. Wakikukubali, nitaandika. Wakikukataa, usirudi hapa na habari hii."

Kwa hiyo nikaenda kwa mwenyekiti wa tawi. Alikuwa mzee mrefu, masikio yametobolewa tangu ujana wake na ndewe zake zimening'inia. Hakujua kusoma na hakuwahi kujiandikisha darasani kwangu, ingawa alipita kila Jumatatu kuhesabu waliohudhuria. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza. Alisikiliza akiwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili.

"Hilo si la kwangu peke yangu," alisema. "Ni la mkutano. Alhamisi uje ghalani."

Alhamisi nilikwenda. Walikuwa kama arobaini, wanaume kwa wanawake, wamekaa juu ya magunia na sakafuni. Niliulizwa maswali mawili kwa Kiswahili: chuo kiko wapi, na masomo ni ya muda gani. Nikajibu. Mwenyekiti akaniomba nikasubiri nje ili wajadili. Nikakaa kwenye jiwe kando ya mlango, nimeupa mgongo ukuta wa mabati.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hawakulijua. Nilikuwa nimeshakielewa Kikurya. Mtu akikaa kimya miaka miwili na zaidi katikati ya watu wanaozungumza, maneno huingia yenyewe. Nilikuwa sijathubutu kukizungumza, kwa kuogopa kuchekwa, na kwa sababu hiyo hakuna aliyejua kwamba nasikia. Mabati hayazuii sauti. Nilisikia karibu kila kitu.

Mtu mmoja alisema, "Tukimwandikia ataondoka, na akiondoka harudi. Aliyekuwepo kabla yake aliondoka hivyo hivyo."

Mwingine akasema, "Kwani huyu amefungwa na nini hapa? Hana mume, hana shamba, hana hata kuku. Ni omogeni." Mgeni, maana yake. Hakulisema kwa chuki. Alilisema kama anavyosema mtu kwamba leo kuna jua.

Waliendelea hivyo muda mrefu. Wengine walisema kazi yangu ni nzuri, wengine wakasema ni nzuri ndiyo maana nisiachiwe. Kisha nikasikia sauti ya mwanamke. Niliitambua. Alikuwa mjane wa makamo aliyekaa mstari wa nyuma darasani kwangu, mzito wa kushika herufi, ambaye kwa mwaka mzima alichanganya "b" na "d" na hakuacha kuja hata siku moja.

"Mimi hupita mlangoni kwake nikitoka kisimani," alisema. "Kila siku anakula peke yake. Amegeuza kiti, ametazama ukuta. Nawauliza, nani kati yetu amewahi kuingia mle ndani? Miaka yote hii, nani? Mimi sijaingia. Tunataka kumzuia akae atazame ukuta. Mwandikieni aende."

Mimi nje pale uso ulinichoma. Ni kweli nilikuwa nakaa nimeutazama ukuta. Nilibandika pale kalenda yenye picha ya milima, si ya kwetu, lakini ilifanana kidogo. Nilidhani hakuna anayeniona. Nilitamani kuinuka niende zangu, niache fomu na kila kitu, lakini kama ningeondoka wangejua nimesikia. Nikabaki nimekaa nikichora chora vumbi kwa kidole.

Mwenyekiti akatoka. Alisafisha koo, akazungumza kwa Kiswahili chake cha mikutanoni.

"Mwalimu, mkutano umekukubali. Wananchi wameridhika na kazi yako."

"Ahsante, mzee," nilisema. "Wamezungumza muda mrefu. Kulikuwa na shida?"

Sijui kwa nini niliuliza. Akanitazama kidogo.

"Hapana," alisema. "Hakuna shida."

Katibu wa tawi aliandika ushuhuda siku ile ile. Ulisema kwamba mimi ni mpole, sina fitina, nahudhuria mikutano, nilishiriki kuchimba msingi wa zahanati na kupalilia shamba la kijiji. Afisa elimu alipouona aliguna, akachukua kalamu, akaandika barua yake palepale bila kuniambia neno jingine.

Picha ilinipeleka Tarime, kwa sababu mpiga picha wa Mugumu hakuwa na filamu. Nilipanda lori la mahindi lililopita njia ya Genkuru, nimekaa juu ya magunia na wanawake wawili waliokuwa wakienda mnadani. Katika studio ya huko, mpiga picha aliniambia nitabasamu kidogo. Nikajaribu. Picha ilipotoka niliona mwanamke mwenye shingo ngumu anayetazama kitu nyuma ya kamera. Niliibandika hivyo hivyo, nikaituma fomu kwa msajili wa Chuo Kikuu, na kazi ya kusubiri ikaanza.

Katika miezi ile ya kusubiri, yule mama mjane alianza kuja. Mara ya kwanza alisimama mlangoni na bakuli limefunikwa kwa sahani. Ulikuwa ugali wa ulezi na mgagani.

"Mwalimu, nimepika kingi," alisema.

Nikamkaribisha. Akaingia, akatazama chumba, akakigeuza kiti changu kikatazama mlango, kisha yeye mwenyewe akakaa kwenye kitanda. Tulikula bila kusema mengi. Kiswahili chake kilikuwa kifupi, na mimi bado nilikificha Kikurya changu, kwa sababu sasa kukionyesha kungekuwa kukiri kwamba siku ile nilisikia. Kwa hiyo tulikaa, kila mmoja akimsaidia mwenzake kwa maneno ambayo hayakutosha. Alikuja Ijumaa nyingi. Siwezi kusema upweke wangu uliisha. Alipoondoka nilikuwa nasikia ukimya zaidi kuliko zamani.

Jibu lilikuja wakati wa kuvuna pamba. Mistari minne. Nafasi za mwaka ule zilikuwa zimejaa, naweza kuomba tena mwaka unaofuata. Niliisoma pale posta, karani akinitazama, nikaikunja, nikaenda darasani. Siku ile tulikuwa tukisoma maneno yenye "ng'" na "ny", na nilifundisha mpaka mwisho.

Sikutaka kumwambia mtu, lakini yule mama aliniuliza, na mimi sikuweza kumdanganya siku hiyo. Kesho yake mwenyekiti alikuwa mlangoni pangu mapema, amevaa koti.

"Nasikia wamekukataa."

"Ndiyo, mzee. Nafasi zimejaa."

"Sisi tulikuandika vizuri," alisema. Niliona kwamba amekasirika kweli. "Mkutano mzima ulikaa. Watu waliacha mashamba. Halafu wanasema nafasi zimejaa? Maana yake barua yetu hawakuisoma."

"Waliisoma, mzee. Ndivyo wanavyofanya."

"Hawakuisoma," alisema, na akaondoka.

Siku chache baadaye nilipofika darasani nilikuta meza yangu imechukuliwa. Katibu alikuwa amekaa pale na karatasi kubwa, na ngumbaru wangu wamepanga mstari. Walikuwa wameandika barua kwa Chuo Kikuu. Katibu alinisomea kwa sauti. Ilianza kwa salamu za Chama na za wananchi, ikaeleza kwamba pamba imestawi na zahanati imefika kwenye lenta. Kisha ikasema: "Mwalimu huyu ni mtoto wetu. Ninyi mmetuletea yeye atufundishe na ametufundisha, sisi tunamleta kwenu mmfundishe naye. Mkisema nafasi imejaa mtafute kiti." Chini yake watu walikuwa wakitia sahihi. Wasiojua kuandika walitia dole gumba. Waliojua waliandika majina yao, herufi moja baada ya nyingine, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo. Yule mama aliandika la kwake polepole sana, na "d" yake ilitazama upande uliotakiwa. Alipomaliza aliniangalia kuona kama nimeona.

Nilikabidhiwa bahasha ile niipeleke posta mwenyewe.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sijalisimulia. Nilipanda baiskeli mpaka Mugumu. Njiani nilishuka, nikakaa kando ya barabara nikaisoma tena barua. Nikaona makosa ya tahajia. Nikaona madoa ya wino wa dole gumba. Nikawaona walimu wangu wa zamani wakipeana karatasi ile mezani, wakicheka, wakisema msichana huyu amewatuma wanakijiji kuja kumwombea. Niliona aibu, na aibu ile iliwahusu watu waliokuwa wameniita mtoto wao. Nilifika posta, nikanunua stempu ya barua niliyomwandikia mama yangu mzazi, nikaituma hiyo peke yake. Ile nyingine niliirudisha ndani ya daftari, na nilipofika nyumbani nikaiweka chini kabisa ya sanduku langu la bati.

"Imekwenda?" mwenyekiti aliuliza.

"Imekwenda, mzee."

Baada ya hapo kila wiki niliulizwa. Katibu aliniuliza, wanafunzi waliniuliza, yule mama aliniuliza Ijumaa akiwa anafunua bakuli. "Wamejibu?" Nikawa nasema bado. Nilisema kwamba posta ni ya taratibu, kwamba mvua imeharibu barabara, kwamba pengine wako likizo. Kila uongo ulikuwa mdogo. Nikawa naogopa Ijumaa. Mara mbili nilichelewa makusudi Nyambureti ili nisimkute, na nikakuta bakuli limeachwa mlangoni, limefunikwa, na jiwe juu yake kuzuia mbwa. Nilikula mle ndani peke yangu, na safari hii nilijua nimejitakia.

Mwaka uliofuata niliomba tena. Nilichukua fomu mpya, nikaandika upya ukurasa wa tano, safari hii nikieleza kwa kirefu kuhusu mwanafunzi mmoja mtu mzima na herufi mbili zilizomsumbua, na jinsi alivyozishinda alipopata sababu ya kuandika. Mdhamini wangu mmoja aliniandikia baadaye kwamba ukurasa ule ulipendwa. Jibu lilikuja kabla ya mvua za vuli. Nilikuwa nimepokelewa.

Habari zilienea Morotonga bila mimi kuzieneza. Jioni mwenyekiti alikuja na watu sita. Walikuwa na furaha ambayo sijawahi kuwaona nayo, hata siku ya sherehe za Chama. Alinishika mkono, mzee yule, akaushikilia.

"Umeona?" alisema. "Nilikuambia mara ya kwanza hawakuisoma. Hii ya pili wameisoma."

Wote walinitazama. Kulikuwa na nafasi ya kusema. Nadhani kama ningesema pale pale wangeumia, wangenyamaza, na baada ya siku chache yangepita. Lakini mzee alikuwa ameushika mkono wangu.

"Ndiyo, mzee," nilisema. "Barua yenu imefanya kazi."

Walipoondoka yule mama alibaki. Alikuwa amejifunga kitenge kipya. Akaniuliza kwa Kiswahili, akitafuta kila neno.

"Na jina langu? Walilisoma?"

"Walilisoma," nilisema.

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Halafu akacheka, kwa mara ya kwanza mbele yangu, na akafunika mdomo kwa kiganja.

Niliondoka wiki mbili baadaye kwa basi la Musoma. Walinisindikiza mpaka stendi ya Mugumu, wengi kuliko nilivyotarajia, na mama yule akanipa kuku aliyefungwa miguu. Basi lilipoanza kutembea nilimwaga Kikurya chote nilichokuwa nacho dirishani, nikiwaaga mmoja mmoja. Niliwaona wakitazamana. Mwenyekiti alishusha fimbo yake. Yule mama hakunipungia tena, alisimama tu ananitazama, na nikajua kwamba sasa anakumbuka siku ya mkutano na anahesabu nilichosikia.

Masomo yalikwenda vizuri. Niliandika tasnifu yangu juu ya usomaji wa watu wazima na nikapangiwa Mtwara, upande mwingine kabisa wa nchi. Morotonga sikurudi. Mwenyekiti alifariki nikiwa bado masomoni, katibu alinijulisha kwa kadi.

Yule mama nilimwandikia mara mbili. Barua ya kwanza ilikuwa ya salamu, kwa herufi kubwa za darasani, na alinijibu kwa mistari mitatu: wazima, mvua imenyesha, kuku wametaga. Barua ya pili niliiandika kwa muda mrefu. Nilimweleza kila kitu: bahasha, sanduku, uongo wa kila Ijumaa, na kwamba jina lake hakuna mtu chuoni aliyelisoma. Niliandika kwa maneno mafupi ili asikwame, nikaituma siku ile ile kabla sijabadili mawazo.

Hakunijibu. Posta ya miaka ile ilipoteza barua nyingi, na kwa muda mrefu nilijiambia kwamba hiyo nayo ilipotea njiani. Sasa sijiambii hivyo. Nadhani ilifika, na nadhani aliisoma mwenyewe, bila kumwomba mtu amsaidie.